Moja ya nini? Historia ya maonyo ya pointa

Nimekuwa kimya kidogo, lakini juzi nimekutana na jambo ambalo sitaki linipite bila kuliandika. Nilikuwa hapa chumbani, Kibabii, nakompaili draiva ya Linux niliyoiandika miaka ya nyuma kwenye kompyuta yangu kuukuu ya biti 32. Safari hii nilitumia laptopu ya biti 64. Kompaila ikanionya kwamba nageuza pointa kuwa namba ya ukubwa tofauti. Nikapuuza. Nilipoipakia ile draiva, mashine ikaganda kabisa.

Aibu ni kwamba kosa nililipanda mwenyewe. Zamani kompaila ilinilalamikia kwamba najumlisha kwenye pointa ya aina ya void, nami ili inyamaze nikaandika (int) mbele yake. Ikanyamaza kweli.

Kwa wasioandika C: pointa ni namba inayotaja mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Sasa, ukiwa barabara ya Chwele mtu akakwambia "songa mbele moja", utamuuliza moja ya nini. Hatua? Shamba? Steji ya matatu? Lugha ya C hujibu kwa kutazama aina ya kitu: pointa ya char ukiiongeza moja inasonga baiti 1, pointa ya int kwenye mashine zetu nyingi inasonga baiti 4. Void haina ukubwa, kwa hiyo swali halina jibu.

Mwanzoni hakuna aliyeuliza. Unix iliandikwa upya kwa C mwaka 1973, pale Bell Labs, kwenye PDP-11, mashine ambayo int na pointa vyote vilikuwa biti 16. Ukisoma kerneli ya toleo la sita, la 1975, utakuta PS imetajwa kuwa namba tu, 0177776, kisha panapohitajika imeandikwa PS->integ, kana kwamba namba hiyo ni pointa. Kompaila ya leo inakataa jambo hilo moja kwa moja. Ya wakati ule ilipita bila neno.

Mambo yalibadilika Unix ilipohamishiwa Interdata 8/32, mashine ya biti 32, mwaka 1977 na 1978. Steve Johnson na Dennis Ritchie walikuta mazoea ya PDP-11 yamejaa kila mahali. Ndipo ukaguzi wa aina ukakazwa, na Johnson akaandika lint, programu ambayo kazi yake ni kulalamika tu. Kwa maoni yangu, maonyo tunayoyalaani leo ni watoto wa shida ile ya kuhama.

Pointa ya void ilithibitishwa na kiwango cha ANSI mwaka 1989, na kiwango hicho hakiruhusu kuijumlishia. GCC, ya Richard Stallman, iliyotoka 1987, ina msimamo wake: void ihesabiwe baiti 1, na anayetaka kuonywa aombe kwa -Wpointer-arith. Linux ilizaliwa 1991 mikononi mwa GCC, ikarithi tabia hiyo. Hata container_of, inayotumika kila kona ya kerneli, hutoa baiti kutoka kwa pointa ya void. Kwa hiyo anayeingia humo na ari ya kufuta maonyo yote ya namna hiyo anajisumbua bure.

Onyo la pili, lile nililopuuza, ni habari nyingine. Linux ilipofika kwenye Alpha mwaka 1995, pointa ikawa biti 64 na int ikabaki 32. Ukiingiza anwani kwenye int, nusu ya juu inakatwa. Ndiyo maana kwenye kerneli anwani ikigeuzwa namba huwekwa kwenye unsigned long, ambayo Linux huifanya ilingane na pointa.

Tena kuna makosa yasiyo na onyo. Aprili 2008 CERT ya Marekani ilitahadharisha kwamba kompaila inaweza kufuta kimyakimya ukaguzi kama buf + len < buf, kwa hoja kwamba pointa halali haizunguki ikarudi nyuma. Mwandishi anadhani ana mlinzi mlangoni, kumbe hayupo. Mwaka 2009 kerneli ikaanza kukompailiwa na -fno-strict-overflow, ukaguzi wa namna hiyo ubaki. Hebu fikirini: miaka yote hiyo tunapigana na lile linalolalamika, na hili halikusema kitu.

Draiva yangu nimeirekebisha kwa mstari mmoja, (int) ikawa (char *). Imepakia bila kuganda. Stima imepotea kabla sijaijaribu vizuri, kwa hiyo matokeo mtayapata wiki ijayo.