Kutoka Lulanga hadi Konseri: Mtunzi na Wasikilizaji Wake katika Uwanda wa Ruzizi

Luvungi ni mji mdogo wa uwanda wa Ruzizi, katika eneo la Kivu, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayounganisha Bukavu na Uvira, na historia ya konseri katika eneo hilo, yaani onyesho la mwanamuziki mbele ya watu waliolipa kiingilio, haianzi na jukwaa wala vipaza sauti. Desturi ya kukusanyika kumsikiliza mtu mmoja akiimba maneno aliyoyatunga mwenyewe ilitangulia vitu hivyo vyote. Chombo chake katika Kivu kilikuwa lulanga, ubao uliochongwa mfano wa hori, wenye uzi mrefu uliopitishwa juu yake mara kadhaa ili utoe sauti mbalimbali. Ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Burundi, ndugu yake ni inanga, ambayo mpigaji huiimbia kwa sauti ya kunong'ona, hivi kwamba anayetaka kuyapata maneno hulazimika kusogea karibu na kunyamaza. Ukaribu huo ndio uliokuwa kiini cha desturi yenyewe, kwa maana mtunzi na msikilizaji walijuana, na wimbo ulihusu mambo waliyoyaishi pamoja.

Mtaalamu wa muziki kutoka Marekani, Alan Merriam, aliyefanya utafiti miongoni mwa Bashi, watu wa Kivu, mwaka 1951 na 1952, aliacha ushahidi wenye thamani kubwa kuhusu jambo hilo. Alieleza jinsi wasichana waliofanya kazi katika shamba la kahawa walivyotumia nyimbo kumlalamikia mwenye shamba kwa kuondolewa posho ya mafuta na chumvi, malalamiko ambayo hawakuthubutu kuyatamka kwa maneno ya kawaida. Ni vigumu kupata mfano bora kuliko huo wa kile ambacho hadhira ya Kivu ilikitarajia kwa mtunzi: aseme hadharani yale ambayo wengine waliyabeba kimya.

Miaka hiyo hiyo gitaa lilikuwa limekwisha kuenea katika miji ya migodi ya Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana aliyeitwa Jean-Bosco Mwenda, ambaye aliimba kwa Kiswahili huku vidole vyake vikipiga besi na melodia kwa pamoja. Santuri zake zilivuka mipaka, yeye mwenyewe akafika Nairobi, na mwaka 1969 akapanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani. Hapo ndipo uhusiano wa kale ulipogeuka, kwa sababu msikilizaji sasa aliujua wimbo kwa moyo kabla ya kumwona aliyeutunga, na kwenda kwenye onyesho kukawa ni kwenda kuiona sura ya sauti iliyokwisha kuzoeleka nyumbani. Shauku ya mpenzi wa muziki wa leo anayemfuata mwimbaji wake ilizaliwa na santuri na redio, si na lulanga.

Kivu imeuonja umbali huo kati ya mtunzi na wasikilizaji kupitia mwana wake. Lokua Kanza, mtunzi anayependa gitaa lisilo na umeme na sauti za utulivu, alizaliwa Bukavu mwaka 1958, akakulia Kinshasa, kisha akahamia Ufaransa katika miaka ya 1980, na jina lake likajulikana kwa albamu alizozitoa huko.

Vita vya tangu 1996 viliuongeza umbali huo, kwani mwanamuziki na hadhira yake wote huhitaji barabara iliyo salama. Kwa hiyo tamasha la muziki la Amani, lililofanyika Goma kwa mara ya kwanza Februari 2014 baada ya kuahirishwa kwa sababu ya mapigano, lilikuwa tukio kubwa kwa Kivu nzima. Hata hivyo, kwa mkazi wa Luvungi kiingilio kilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama: kwanza ilimbidi kupanda milima ya Ngomo hadi Bukavu, au kupitia Rwanda, kisha kuvuka ziwa Kivu kwa meli.