Mtegemezi au Mwandamani?

Fomu nyingi za ajira na bima hapa kwetu zina nafasi ya "idadi ya wategemezi". Mwalimu mwenye mke na watoto wawili hujaza sita bila kusita: yupo mama mzazi kijijini, yupo mdogo wake anayesoma chuo, yupo na mpwa anayelala sebuleni. Mwalimu huyohuyo akialikwa kufanya utafiti katika chuo kikuu cha Marekani kwa viza ya J-1, ile ya wageni wa mabadilishano, hesabu yake itapunguzwa nusu. Wategemezi wanaotambuliwa na sheria ya huko ni mwenza wa ndoa na watoto walio chini ya miaka 21, ambao hawajaoa wala kuolewa. Hao ndio wanaopewa J-2. Mama hamo, hata kama ugali wake wote unatoka mfukoni mwa mwanawe.

Kuhusu neno "viza" tusigombane sana. Anayeandika "visa" anakumbusha mikasa, na anayeandika "viza" anakumbusha yai lililooza kabla ya kuanguliwa. Tatizo liko kwenye "mtegemezi".

Kwa Mswahili, mtegemezi ni mtu anayelishwa. Lakini mwenye J-2 anaruhusiwa kusoma, na akiomba kibali kwa fomu I-765 akakipata, anaruhusiwa pia kufanya kazi. Sheria inamwekea mpaka mmoja wa ajabu: mshahara wake usiwe ndio wa kumkimu mwenye J-1. Autumie kwa matembezi na burudani za familia, sawa. Lakini mwenye J-1 asimwegemee yeye.

Kumbe kinachoegemea ni hati, si tumbo. Kila mmoja, hata mtoto mchanga, hupewa fomu DS-2019 yenye jina lake, ila uhai wa fomu hiyo uko kwa mwenye J-1. Mpango wake ukiisha, za wengine zimeisha. Ndoa ikivunjika, mwenza hana tena J-2. Mtoto akitimiza miaka 21, naye ndiyo basi.

Tumwiteje, basi? "Msindikizi" hafai, kwa kuwa msindikizi huishia stendi akarudi nyumbani. "Mfuasi" ni wa dini au wa chama. "Mwandamizi" lingetufaa, maana asili yake ni kuandama, lakini maofisi yamekwisha kulichukua: afisa mwandamizi siku hizi ni bosi. Limebaki "mwandamani", mtu anayekwenda pamoja na mwenzake katika njia moja. Halisemi nani anamlisha nani. Linasema tu kwamba safari ya huyu imefungwa kwenye safari ya yule. Ndiyo maana napendekeza "viza ya mwandamani".

Neno hilo lina faida nyingine. Baadhi ya wenye J-1, wakiwamo waliogharimiwa na serikali, hubanwa na sharti la kurudi kwao na kukaa jumla ya miaka 2 kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu au viza ya kazi ya kundi la H. Sharti hilo likimshika mume, limemshika na mke aliyekwenda kwa J-2, hata kama hakupokea senti moja ya ufadhili. Akiitwa mtegemezi, atashangaa. Akiitwa mwandamani, huenda akauliza mapema, kabla hajafunga mizigo, ni yapi ya mwenzake yatakayomwandama.