Mizani ya Henry Armstrong

Mchezo wa ngumi una sheria moja ambayo hata asiyeupenda huiona kuwa ya haki: mtu hapambanishwi ila na mwenye uzito wa kiasi chake. Katika miaka ya 1930 mabondia waligawanywa katika madaraja manane makuu. Mtu wa uzito wa unyoya hakuruhusiwa kuzidi ratili 126. Wa uzito mwepesi, 135. Wa welta, 147. Wa kati, 160. Mipaka hiyo iliwekwa ili mdogo asionewe na mkubwa. Walakini ukuta umkingao mtu na mwizi waweza vilevile kumzuia asifike sokoni, na hayo ndiyo yaliyowapata mabondia wadogo: salama walikuwa nayo, lakini watazamaji na fedha vilikuwa kwa watu wa uzito wa juu.

Henry Jackson alizaliwa Columbus, katika jimbo la Mississippi, tarehe 12 Desemba 1912, akakulia St. Louis, ambako alifanya kazi ya sulubu katika njia ya reli kabla ya kuingia ulingoni na kujiita Armstrong. Mwaka 1937 alipigana mara 27, akashinda zote, na katika hizo 26 mpinzani hakuweza kufika mwisho wa pambano. Mtu wa sifa hizo angetazamiwa kuwa gumzo la Marekani nzima. Haikuwa hivyo, kwa maana mwezi wa Juni mwaka ule ule Joe Louis, mtu mweusi kama yeye, alitwaa ubingwa wa uzito wa juu, na baada ya hapo ni nani aliyekuwa na macho ya kumtazama mtu wa ratili 126?

Hapo ndipo lilipozaliwa shauri la meneja wake, Eddie Mead, na wafadhili wao, mwimbaji Al Jolson na mwigizaji George Raft. Ikiwa taji moja dogo halitoshi kuwashtua watu, basi na yatwaliwe matatu, yote yakae juu ya kichwa kimoja kwa wakati mmoja. Bob Fitzsimmons alikwisha kushinda ubingwa wa madaraja matatu kati ya 1891 na 1903, lakini hakuyashika pamoja. Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka: kupanda kwa Armstrong, ambako vitabu vingi hukusifu kama tamaa ya ushujaa, kulianza kama hesabu ya biashara, na mwili wake ndio uliotolewa kuwa rasilimali.

Taji la kwanza halikumsumbua sana. Tarehe 29 Oktoba 1937, katika Madison Square Garden ya New York, alimwangusha Petey Sarron katika raundi ya sita. Kazi ilikuwa katika la pili, maana hakwenda daraja la juu yake, bali aliliruka hilo na kumwendea Barney Ross, bingwa wa welta. Mabondia wengi huteseka kwa njaa na jasho ili wapunguze uzito. Armstrong ilimbidi ale na kunywa kwa bidii ili auongeze, na hata hivyo mizani ilimkuta na ratili zipatazo 133 mbele ya Ross mwenye 142. Tarehe 31 Mei 1938 walipigana raundi 15. Yule mwepesi alisonga mbele bila kupumzika, kichwa chini, mikono ikifanya kazi kama mchi kinuni, hata Ross akawa anapigwa bila kujibu. Ross alikataa pambano lisimamishwe, akamaliza akiwa wima, wala hakupigana tena.

La tatu lilikuwa chungu kuliko yote. Tarehe 17 Agosti 1938 Lou Ambers, bingwa wa uzito mwepesi, alianguka katika raundi ya tano na ya sita, lakini aliinuka na kumpasua Armstrong mdomo. Damu ilitapakaa ulingoni hata mwamuzi akatishia kulikomesha pambano. Armstrong alitema kizuizi cha meno, akawa anaimeza damu yake ili isionekane sakafuni. Alishinda, lakini majaji hawakuafikiana.

Mwaka 1940 aliujaribu hata uzito wa kati. Mjini Los Angeles alikabiliana na Mfilipino Ceferino Garcia, aliyemzidi kwa zaidi ya ratili 10, wakatoka sare. Miaka mingi baadaye Mfilipino mwingine, Manny Pacquiao, alipata ubingwa katika madaraja manane; lakini siku hizi madaraja ni mengi zaidi na kila daraja lina mashirika kadhaa yatoayo mikanda, hivyo si rahisi kuwapima watu hawa wawili kwa kipimo kimoja.

Ambers alilirudisha taji lake Agosti 1939, siku ambayo Armstrong alinyang'anywa raundi tano kwa kupiga chini ya mkanda. La welta lilichukuliwa na Fritzie Zivic Oktoba 1940, na walipokutana tena Januari 1941 pambano lilisimamishwa kwa jinsi Armstrong alivyoumizwa. Aliacha ngumi mwaka 1945, akawa mchungaji wa Kibaptisti mwaka 1951, akafariki 1988. Taji la uzito wa unyoya alikuwa ameliacha mwenyewe katika mwaka ule ule wa 1938, na katika yote matatu ndilo pekee ambalo hakuna aliyempokonya kwa ngumi.