Kizingitini: Mji Juu ya Matumbawe

Kizingitini hakuna mlima. Maporomoko ya ardhi tunayoyajua ni yale ya Pokot Magharibi, Novemba 2019, miteremko ilipokatika usiku wa mvua na kufukia makumi ya watu. Huku kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Pate nchi ni tambarare. Lakini mwamba wa pwani nao huanguka, ila hauna haraka.

Mwamba huu ulijengwa na viumbe. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakamea humo. Bahari iliposhuka, yakabaki nchi kavu. Sogeza jicho kwenye ukuta wa kale uliobambuka chokaa: utaona vitundu vyenye umbo la nyota, pengine na kipande cha kombe.

Mafundi wa kisiwa walijua kuchagua jiwe. Kule Shanga, mji wa kale kisiwani humu, alikochimbua mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980, misikiti ya mwanzo, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Kuta za matumbawe zilifuata. Tumbawe bichi la baharini ni laini, lachongeka kwa tezo, kisha likikauka hushika. La nchi kavu ni gumu, hilo ni la kuta nene. Mengine yalichomwa kwa kuni kupata chokaa. Upana wa chumba, hata hivyo, haukuamuliwa na jiwe bali na boriti: mkoko haukuvuka sana mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vya Waswahili wa kale ni virefu na vyembamba.

Ila ya mwamba huu ni moja: hauzuii maji. Mvua hupenya na kuelea juu ya maji ya chumvi, na kisima kikitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Hapo ndipo watu wa visiwa hivi walipoitegemea jabia, birika kubwa la kukinga mvua.

Ufukweni mawimbi huula mwamba kwa chini, juu ukabaki umening'inia kama upenu, hadi siku kipande kiporomoke. Chini ya maji, mapango na nyufa za mwamba kama huu ndiyo nyumba ya kambamawe, anayezamiwa na wavuvi wa Kibajuni. Jina lake limeshasema anakokaa.

Ukifika huko na jua kali, tafuta kivuli kwingine. Usikae chini ya upenu ule.