Watu 19 wa Pawtucket

Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, alipelekwa nchi ya tatu miaka kadhaa iliyopita, akaangukia mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kazini walimpa tiketi ya besiboli. Akanitumia sauti kwenye simu akicheka: "Ndugu yangu, huku watu wanakaa saa tatu, wanakula karanga, wanangoja mtu mmoja agonge mpira. Na wanafurahi!" Timu aliyoitazama inaitwa Worcester Red Sox. Mimi nikataka kujua imetoka wapi, maana hata timu huhama. Kumbe ilihamia hapo mwaka 2021, ikitokea mji mdogo wa viwanda, Pawtucket, jimbo la Rhode Island. Na huko Pawtucket ndiko ulikochezwa mchezo mrefu kuliko yote katika besiboli ya kulipwa.

Kwanza tuelewane. Besiboli haina dakika 90. Ina zamu 9. Katika kila zamu timu zote mbili hupokezana gongo. Zikitoka sare, zamu zinaongezwa mpaka mmoja ashinde. Na timu ya Pawtucket haikuwa ya ligi kuu. Ilikuwa ngazi moja chini yake, mahali ambapo wachezaji wanangoja simu ya kuitwa juu. Wengine huitwa. Wengi hawaitwi kabisa, wanazeeka hapo hapo.

Tarehe 18 Aprili 1981, Jumamosi, kesho yake Pasaka, Pawtucket iliikaribisha Rochester katika uwanja wa McCoy. Taa zilisumbua, mchezo ukaanza kama saa 2 usiku. Watazamaji walikuwa 1,740. Zamu 9 zikaisha 1-1. Wakaongeza. Zamu ya 21 Rochester wakapata pointi, watu wakashika makoti yao, halafu Wade Boggs wa Pawtucket akasawazisha. 2-2. Jamani! Fikiria uko pale, umeshasimama uondoke, inabidi ukae tena.

Baridi ilikuwa kali sana. Wachezaji walivunja mbao za mabenchi, wakachukua na magongo yaliyovunjika, wakawasha moto ndani ya mapipa. Mchezaji mmoja wa Rochester, Dallas Williams, alijaribu kupiga mara 13 bila kufanikiwa hata moja.

Kwa nini hawakusimamisha? Hapa ndipo nawaomba ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika msome polepole. Sheria ya ligi ilikuwepo: zamu mpya isianze baada ya saa 6:50 usiku. Lakini katika nakala ya kanuni waliyokuwa nayo waamuzi, mstari huo haukuwemo. Kila mtu uwanjani aliona kwamba jambo hili halina akili, lakini karatasi haikusema, basi wakaendelea. Ikabidi atafutwe rais wa ligi, Harold Cooper, kwa simu, nyumbani kwake, mbali na ile baridi. Alipopatikana, akaagiza wasimame zamu hiyo ikiisha. Ilikuwa saa 10:07 alfajiri, zamu 32 zimekwisha, bado 2-2. Kwenye viti walikuwa wamebaki watu 19.

Wale 19 walipewa tiketi za kuingia bure uwanjani, na hadi leo wanasimuliwa kama mashujaa. Niliposimulia habari hii kwenye kikundi chetu cha vijana, karibu wote walisema: "Hao ni sisi!" Mimi sikubali. Wale 19 walikuwa na nyumba, na mlango wa uwanja ulikuwa wazi usiku kucha. Wenzao 1,721 waliutumia. Walibaki kwa kupenda, na ni haki yao kusifiwa. Sisi tunafanana zaidi na wale waliokuwa wanachoma mabenchi, wasioweza kuondoka mpaka mtu wa mbali apokee simu. Tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, nina vijana kwenye kikundi ambao kesi zao zilikuwa zimefika mbali. Msimwambie kijana wa namna hiyo kwamba subira yake ni nzuri. Mwambieni karatasi inasema nini, na nani anayo.

Mchezo ulimaliziwa tarehe 23 Juni 1981. Wachezaji wa ligi kuu walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo waandishi wa habari wakakimbilia Pawtucket, na watazamaji wakafika 5,746. Wengi bila shaka walikuja kuona mwisho tu, maana mwisho una wapenzi wengi. Ulichukua dakika 18. Katika zamu ya 33 Dave Koza alipiga mpira upande wa kushoto, Marty Barrett akakimbia nyumbani, 3-2, Pawtucket wakashinda.

Boggs aliitwa ligi kuu mwaka uliofuata. Cal Ripken Jr., aliyekuwa upande wa Rochester, aliitwa mwaka huo huo wa 1981. Wote wawili baadaye waliingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli. Koza, aliyeumaliza mchezo, hakucheza ligi kuu hata siku moja.

Kaka yangu anasema tiketi nyingine akipewa atakwenda, ila safari hii atabeba karanga zake mwenyewe, za pale uwanjani ni ghali.