Ngoma Kuingia Kanisani: Muziki wa Ibada ya Kikatoliki, 1903–1963

Mabishano yanayosikika leo katika parokia za Afrika Mashariki kuhusu ngoma, kayamba na kinanda cha umeme yana mizizi katika hati iliyotolewa Roma mwaka 1903, ambamo Papa Pius X aliufanya uimbaji wa Kigregoriani, yaani uimbaji wa Kilatini wa sauti moja usiofungwa na mapigo ya kudumu, kuwa kipimo cha muziki wote wa ibada, na kupiga marufuku kanisani piano pamoja na ala za kelele, zikiwemo ngoma na matoazi. Ingawa katazo hilo lililenga kwanza makanisa ya Italia, ambayo muziki wake ulikuwa umeiga michezo ya kuigiza kwa nyimbo, katika misheni za Afrika lilikutana na hofu ya wamisionari wengi waliohusisha ngoma na unyago, matambiko na pombe, na hivyo likapata nguvu maradufu.

Hasara haikuishia kwenye ala. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mistari mingi ya nyimbo za Ulaya huishia kwenye silabi yenye mkazo. Kwa hiyo maneno ya Kiswahili yalipobandikwa juu ya tuni za nyimbo hizo, waumini walilazimika kukaza silabi isiyokazwa, na sala ikatamkwa kigeni vinywani mwa wenye lugha.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1955, Papa Pius XII alipowahimiza wamisionari kuthamini vipaji vya muziki vya watu waliowahubiria. Mwaka 1958, huko Kamina katika jimbo la Katanga, Kongo, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, pamoja na kwaya ya wavulana na walimu wao, walitoa Missa Luba, misa iliyobakiza maneno ya Kilatini lakini ikaimbwa kwa tuni za Kongo na kusindikizwa na ngoma. Mwaka 1963 padri wa Tanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha utafiti uliopima muziki wa Kibantu kwa sheria za Kanisa zenyewe, na tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia, yaani utaratibu rasmi wa ibada, iliyoagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi inayostahili, bila kuuondolea uimbaji wa Kigregoriani nafasi yake ya kwanza.

Kwa hiyo anayeikataa ngoma kwa jina la mapokeo ameisahau hati ya 1963, na anayeudharau uimbaji wa Kilatini kwa jina la Uafrika ameisoma nusu. Walimu wa kwaya wana wajibu wa kuvifundisha vyote viwili, na kuupima kila wimbo kwa swali moja: je, unawawezesha waumini kusali?