Njombe na Makambako: Historia ya Sheria Zinazotungwa Nyumbani

Lori la viazi mviringo linalotoka Njombe kwenda Dar es Salaam hupita Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, si mbali na stesheni ya TAZARA. Kabla ya kufika mbali husimamishwa kwenye geti la ushuru wa mazao. Dereva anatoa stakabadhi, mkusanyaji anaikagua, kizuizi kinainuliwa. Ushuru huo umewekwa na sheria ndogo. Sheria hiyo ilipitishwa na madiwani wa halmashauri, ikapata kibali cha Waziri, ikachapishwa katika Gazeti la Serikali. Mkulima aliyepakia viazi vile anakijua kiwango anachotozwa. Wachache wanajua kwamba kabla sheria haijapitishwa, yeye na majirani zake walikuwa na haki ya kutoa maoni yao.

Haki hiyo ina historia ndefu katika nyanda hizi. Imewahi kutolewa, ikanyang'anywa, ikarudishwa, na hadi leo bado inavutwa huku na huku kati ya wananchi na serikali kuu.

Kabla ya mkoloni, watu wa milima hii hawakuwa chini ya dola moja. Wabena walikuwa na watawala kadhaa, kila mmoja na eneo lake. Magharibi na kusini walikaa Wakinga, Wawanji, Wapangwa, Wamanda na Wakisi, kila jamii na mila zake za ardhi, ndoa, urithi na fidia. Sheria ilikaa vinywani mwa wazee, na iliheshimiwa kwa kuwa waliohukumiwa kwayo waliifahamu tangu utotoni.

Wajerumani walikuja na amri za namna nyingine. Walipommaliza Mkwawa wa Wahehe mwaka 1898, nyanda zote za juu kusini zikawa chini ya kodi na kazi za lazima. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipofika Ubena, mtawala Mbeyela aliongoza mashambulizi dhidi ya misheni ya Yakobi, karibu na Njombe ya leo. Uasi ulizimwa kwa risasi, kisha kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuteketezwa. Watu wa Njombe walijifunza kwa gharama kubwa maana ya kutawaliwa kwa sheria ambayo hawakuulizwa.

Waingereza walibadilisha mbinu. Gavana Donald Cameron alipitisha mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji, iliyowapa machifu uwezo wa kutoa amri na kanuni katika maeneo yao, kukusanya kodi na kuendesha hazina ndogo. Mwaka 1929 mahakama za wenyeji zikawekwa chini ya maofisa wa utawala. Kwa juu, Ubena ulionekana kurudishiwa sheria zake. Kwa ndani, chifu aliwajibika kwa mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na kanuni yoyote isiyompendeza mkoloni haikusimama. Kodi ya nyumba na ya kichwa iliwasukuma vijana wengi wa Njombe kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1949 kampuni ya miwati, TANWAT, ilianzishwa Njombe penyewe, na kazi ya ujira ikasogea karibu na nyumbani. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Njombe, ameonyesha jinsi familia zilivyoyajenga maisha yao nje ya mkono wa dola, zikitegemeana kwa elimu, biashara na ardhi. Watu waliotengwa na maamuzi walijitungia utaratibu wao majumbani.

Uhuru ulileta matumaini, na pia mapigo. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria. Mahakama za wenyeji ziliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na mahakama za mwanzo chini ya mfumo mmoja wa nchi. Hatua hizo zilikuwa na sababu nzuri: taifa changa lenye makabila zaidi ya 120 lilihitaji raia walio sawa mbele ya sheria moja. Halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zilibaki na uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa miaka michache ilionekana kama mwenyeji wa Njombe angeweza kupata vyote viwili: usawa wa taifa na sauti ya nyumbani.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa. Serikali iliuita mpango huo Madaraka Mikoani. Madaraka yaliyopelekwa mikoani yalikuwa ya watumishi wa serikali kuu, na wawakilishi waliochaguliwa walipoteza baraza lao. Njombe wakati huo ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Iringa, na maamuzi yake yakawa mikononi mwa maofisa walioteuliwa. Muda mfupi baadaye watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikavipa vijiji hivyo usajili na halmashauri zake.

Hapo kuna jambo kubwa ambalo wengi hulipita. Vijiji vilivyoundwa kwa amri kutoka juu ndivyo vilivyokuja kuwa mahali pa kwanza pa mwananchi kutunga sheria. Serikali ilipokiri kwamba kufuta halmashauri kulidhoofisha huduma, Bunge lilipitisha mwaka 1982 Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 ya mamlaka za miji. Halmashauri zilianza kazi upya mwaka 1984. Mwaka huohuo Katiba ilirekebishwa, na ibara za 145 na 146 zikatamka kuwepo kwa serikali za mitaa na kusudi lake, yaani kuwapa wananchi madaraka.

Utaratibu wa kutunga sheria ndogo ni huu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, huandaa pendekezo la sheria ndogo. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mkazi aliyefikisha miaka 18, hulijadili. Likikubaliwa, linapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, na halihitaji kwenda hadi kwa Waziri. Sheria ndogo za halmashauri yenyewe hufuata njia ndefu zaidi: tangazo kwa wananchi, maoni, kikao cha madiwani, kibali cha Waziri, kisha Gazeti la Serikali.

Thamani ya njia hii inaonekana mabondeni. Wakulima wa Njombe na Iringa wamelima vinyungu kwa vizazi vingi: mashamba ya bondeni yenye unyevu, yanayotoa maharage, mboga na mahindi mabichi wakati milima imekauka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Kusudi lake ni jema, maana maji ya nyanda hizi yanalisha mito mikubwa ya nchi. Lakini Bunge haliwezi kujua kila bonde la Njombe. Kijiji hakiwezi kuipinga sheria mama. Kinaweza kuamua jinsi ya kuitekeleza bila kuwaacha watu na njaa: wapi pa kuanzia, miti gani ya asili ipandwe badala ya mikaratusi inayokausha chemchemi, nani alinde, faini iende wapi. Vivyo hivyo kwa moto. Katika wilaya zenye mashamba ya paini na miwati, cheche moja ya kuandaa shamba inaweza kumaliza mali ya jirani ya miaka mingi. Sheria iliyotungwa na wale watakaoukimbilia moto huo ndoo mkononi ina nguvu kuliko tangazo lililobandikwa ukutani.

Kuna pia mambo ambayo sheria ya kijiji peke yake haiyamudu, na lumbesa ni mfano wake. Wanunuzi hujaza gunia la viazi hadi likavimba juu ya mdomo, kisha hulipa bei ya gunia moja. Halmashauri moja ikikaza, mnunuzi huhamia jirani. Hapa ndipo halmashauri za eneo zima zinapotakiwa kushikamana na Wakala wa Vipimo. Kila jambo lina ngazi yake, na hekima ya ugatuaji ni kulipeleka jambo kwenye ngazi inayoliweza.

Mwaka 2012 Njombe ilitengwa na Iringa ikawa mkoa. Leo una wakazi karibu 890,000 kwa sensa ya mwaka 2022, na halmashauri sita: Njombe Mji, Njombe Wilaya, Makambako Mji, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa safari ya kwenda Iringa kufuata saini ilikwisha. Ila mkoa hautungi sheria. Sekretarieti ya mkoa ni mkono wa serikali kuu. Uwezo wa kutunga umebaki pale ulipokuwa, kwenye halmashauri na vijiji.

Na ukuaji wa miji una gharama isiyosemwa. Makambako inapanuka kwa kasi ya mji wa njia panda: maghala, viwanda vya mbao, soko la mahindi, nyumba za wageni. Kijiji kinapomezwa na mji na kuwa mtaa, wakazi wake hupata ramani za viwanja na matumaini ya barabara. Wakati huohuo wanapoteza mkutano mkuu wenye uwezo wa kutunga sheria ndogo, na usimamizi wa ardhi ya kijiji unaondoka mikononi mwao. Mtaa una mwenyekiti na kamati, lakini hautungi sheria. Mwananchi aliyekuwa mtunga sheria anabaki mpiga kura. Hilo linastahili kujadiliwa waziwazi kabla ya kila kijiji kupewa hadhi ya mji.

Serikali kuu nayo haijaacha kuvuta kamba. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, hatua iliyomsaidia mkulima lakini ikapunguza mapato ya halmashauri. Mwaka 2021 mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, yakabakiwa na usuluhishi tu. Hatua moja moja inaweza kutetewa. Zikipangwa pamoja zinaonyesha kwamba madaraka ya halmashauri yanaweza kupunguzwa na Bunge wakati wowote.

Wenzetu wamepita njia tofauti. Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi tangu 1980 na Katiba yake ya 1984. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ina kaunti 47 zenye mabunge yanayotunga sheria. Wales, nchi ndogo ndani ya Uingereza, ilianza mwaka 1999 na bunge lenye uwezo mdogo. Baada ya kura ya maoni ya 2011 ilipata uwezo kamili wa kutunga sheria katika mambo iliyokabidhiwa, na leo ina sheria zake za afya, elimu na mazingira zinazotofautiana na za England. Hata hivyo mahakama zake bado ziko chini ya London, na mjadala huo haujaisha. Wales ilipiga hatua kwa sababu iliutumia uwezo mdogo iliokuwa nao hadi ikawa vigumu kuinyima uwezo mkubwa zaidi.

Hilo ndilo somo kwa Njombe na Makambako. Katiba mpya ikiandikwa, ni haki kudai madaraka ya serikali za mitaa yalindwe yasifutwe kwa kura ya kawaida ya Bunge, kama yalivyofutwa mwaka 1972. Lakini madai hayo yatakuwa na uzito pale tu mikutano mikuu ya vijiji itakapojaa, na tangazo la sheria ndogo litakaposomwa na kujibiwa kwa wakati. Muulize mtendaji wa kijiji chako au wa mtaa wako sheria ndogo zilizopo, omba nakala, na halmashauri ikitangaza inayofuata, peleka maoni yako kabla haijafika kwa madiwani.